Makutano na Mlango

Wazee wetu wa Ugogo walicheza ngoma mahali pasipo mlango. Baada ya mavuno, mtama na uwele ukiwa umekwisha kuingia nyumbani, watu walikutana uwanjani wakafanya duara. Akina mama walibana ngoma za muheme kati ya mapaja yao, waimbaji wa nindo wakaanza, mwenye zeze akapiga zeze lake, na watoto wakaketi mbele kabisa, vumbini. Aliyechoka aligeuka akaenda zake. Upepo ukivuma, au walevi wakigombana, kila mtu alikuwa na njia nyuma ya mgongo wake. Hata leo ukienda Chamwino, ambako kwa miaka mingi limekuwa likifanyika tamasha la muziki wa Wagogo, utaona vikundi vya vijijini vikipenda duara kuliko jukwaa.

Wamisionari wa CMS walipoweka kituo chao Mpwapwa katika miaka ya 1870, hawakuipenda ngoma, na Wakristo wa vizazi vya kwanza walifundishwa kujitenga nayo. Lakini desturi ya kukutana nje haikufa. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoundwa mwaka 1927, makanisa mengi ya vijijini yalikuwa ya udongo, madogo, na mkutano wowote mkubwa ulifanyika chini ya mti. Baadaye kwaya zikakua, sauti za Kigogo zikarudi kwa mlango wa nyuma hadi madhabahuni, na mikutano ya kwaya ikawa ndiyo sikukuu yetu kubwa ya mwaka baada ya Krismasi na Pasaka. Nayo ilifanyika uwanjani, pasipo ukuta.

Ukuta ulikuja na kiingilio. Tunasema hivi bila kumlaumu mtu, maana tuliouleta ni sisi. Kanisa lilihitaji mabati. Jenereta ya kukodi ilihitaji mafuta, na mwenye spika alitaka fedha yake kabla hajafungua gari. Mtu wa kamati akasema: kama wanalipa kwenda kumwona mpira, watashindwaje kulipa kidogo kumsikia Bwana akisifiwa? Tukachimba mashimo, tukasimamisha nguzo, tukafunga maturubai na magunia kwa kamba za katani kuzunguka uwanja wote wa shule, tukaacha nafasi moja yenye upana wa hatua mbili hivi. Pale tukaweka meza, kasha la fedha na vijana wawili wenye misuli.

Hayo yalikuwa mwaka 1997, mwishoni mwa mwaka, katika kijiji kimoja upande wa mashariki wa Dodoma. Wanaokumbuka wanajua ulikuwa mwaka wa gani. Sisi watu wa nchi kavu tulizoea kuomba mvua. Mwaka ule wa El Niño tulipewa mvua tusiyokuwa tumeiombea. Kwaya tisa zilikuwa zimefika, nyingine kwa malori. Kwaya ya tano ilikuwa jukwaani, alasiri, wakati upepo ulipoinuka na vumbi jekundu likafunika kila kitu. Kisha ikaja radi, ikapiga karibu, na jenereta ikazimika. Ule ukimya wa spika baada ya radi ndio ulioleta hofu, nadhani kuliko radi yenyewe. Watu wote waligeukia kule walikoingilia.

Tuliokuwa jukwaani tuliona jambo ambalo waliokuwa chini hawakuliona. Nyuma kabisa watu walikuwa wanatembea tu, tena kwa adabu, kila mmoja akimsogelea aliye mbele yake. Hakuna aliyekuwa akipigana. Lakini mbele, kwenye ile nafasi ya hatua mbili, vichwa vilikuwa vimebanana kama mahindi kwenye gunzi, na meza ya kiingilio ilikuwa bado imesimama katikati yao. Wale vijana wawili walikuwa wakisukuma kuelekea ndani, wakidhani wanazuia vurugu. Sauti za watoto zilisikika, halafu zikawa hazisikiki.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja ambaye hata hakuwa mshiriki wetu. Alikuwa amesimama nje ya uzio akisikiliza bure, kama walivyofanya wengi. Alichukua panga lake akakata kamba za katani, nguzo moja baada ya nyingine, hatua labda arobaini za uzio zikaanguka chini, na watu wakamwagika nje kama mtama kwenye gunia lililopasuka. Mtoto mmoja alivunjika mkono. Mama mmoja mtu mzima alikanyagwa kifuani, akaugua wiki kadhaa. Hakufa mtu.

Jumapili iliyofuata tulitoa sadaka ya shukrani na mhubiri akafundisha juu ya Bwana anayetuliza dhoruba. Yalikuwa mahubiri mazuri. Hakuna aliyetaja lile geti. Mzee mwenye panga tulimshukuru kwa maneno, na mmoja wa kamati alinung'unika, kwa sauti ya chini lakini tukamsikia, juu ya bei ya maturubai yaliyochanika. Mwaka uliofuata tulijenga uzio uleule, nafasi ileile, meza ileile.

Tumeyaeleza haya kwanza ili msomaji ajue ni watu wa namna gani waliosikia habari za Tabora miaka kumi na mmoja baadaye.

Tabora iko juu ya uwanda huuhuu wa kati, na reli ya kati inatuunganisha nao. Wengi wetu tuna ndugu kule. Tarehe 1 Oktoba 2008, katika sikukuu ya Idd el-Fitri, watoto wa mji ule walikwenda kwenye disko la mchana lililoandaliwa kwa ajili yao, yale tuliyoyaita disko toto. Ukumbi ulijaa kupita kiasi. Hewa ilikwisha, watoto wakatafuta kutoka, na takriban watoto 20 wakafa kwa kubanwa na kukanyagwa. Walikuwa wamevaa nguo zao za sikukuu. Tangu hapo, kila sikukuu inapokaribia, iwe Idd, Krismasi au Mwaka Mpya, mwaka baada ya mwaka makamanda wa polisi wa mikoa wamekuwa wakitangaza kwamba disko toto ni marufuku. Vijana wa leo hulisikia tangazo hilo bila kujua lilitoka kwenye makaburi gani.

Na sisi je? Jumapili ile ibada ilikuwa ya kawaida. Mmoja wetu alipanda mimbarani na kuitaja Tabora. Hatumtaji jina kwa sababu alisema yale ambayo wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuyasema tukiwa kwenye foleni ya maji. Alisema watoto wale walikuwa wanatafuta nini disko. Aliwauliza wazazi wamewalea vipi. Alisema dunia hii ina milango miwili, na huu ndio mwisho wa mlango ulio mpana. Tuliitikia amina. Tuliitikia kwa sauti.

Kwenye benchi la nyuma alikuwapo mama mmoja mwenyeji wa Tabora, aliyeolewa huku kwetu. Baada ya ibada hakukaa kusalimiana. Dada wa Umoja wa Mama alipomfuata nyumbani siku ya tatu kumwuliza kulikoni, alimpokea vizuri, akampa kiti, akampa na chai, kisha akamwambia: "Dada, wale walikuwa wanakula sikukuu. Sisi Krismasi wa kwetu tunawapeleka wapi?" Dada yetu hakuwa na jibu, kwa maana jibu lilikuwa linajulikana. Siku ya Krismasi watoto wa Dodoma, wetu wakiwamo, huvalishwa nguo mpya na kupewa hela ya soda, nao humiminika Nyerere Square na popote penye muziki. Hatukuwahi kuuliza huko kuna milango mingapi.

Mama yule hakurudi kanisani kwa muda mrefu. Hatukumwomba radhi. Hata hatukujua kwamba kuna cha kuombea radhi, mpaka Moshi.

Jumamosi jioni, tarehe 1 Februari 2020, maelfu ya watu walikuwa kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, katika mkutano wa maombi wa mhubiri mashuhuri. Waliambiwa wapite mahali palipomwagwa mafuta ya upako, wakanyage, wapokee. Wote walitaka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Watu 20 walikufa. Idadi karibu ileile ya Tabora.

Ilituchukua siku kadhaa kutambua kwamba ndimi zetu zilikuwa zimefungwa. Hawa hawakuwa disko. Walikuwa wamekwenda kuomba, wengine na wagonjwa wao mgongoni. Wapo kati yetu waliojaribu kujitoa kwa kusema kwamba mafundisho ya mafuta si mafundisho yetu, na ni kweli, si yetu, na mjadala huo una mahali pake. Lakini tulipokuwa tukisema hivyo tulijisikia tunafanya tena lile la mwaka 2008: tunatafuta sababu ndani ya mioyo ya marehemu ili tusitazame mlango. Aliyetufungulia jambo hili alikuwa mwimbaji wa kwaya ya vijana, binti wa kidato cha nne, aliyeuliza katika kipindi cha Biblia: "Kwani mzee aliyekata kamba, wangekuwa hawajakatiwa, mngesema tulikuwa na dhambi gani?" Hadithi ya mwaka 1997 alikuwa ameisikia kwa mama yake.

Mwaka mmoja baadaye ikaja ile ambayo Watanzania wote wanaikumbuka. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Jumapili ya tarehe 21 watu wa Dar es Salaam walikwenda Uwanja wa Uhuru kumwaga. Waliokosa kuingia kwa milango walijaribu kuta, msongamano ukazidi, na polisi baadaye walitangaza kwamba watu 45 walipoteza maisha. Kesho yake, Jumatatu, mwili ulikuwa hapa kwetu. Sisi tulisimama barabarani tangu alfajiri, na kwenye Uwanja wa Jamhuri marais wa nchi za jirani walikaa mbele ya jeneza. Tuliimba. Tulilia. Tulisukumana pia, tusidanganyane; mtu mmoja wa kwaya yetu alipoteza kiatu na hakukipata. Wakati ule hatukujua bado kwamba mji uliotutangulia kwa siku moja tu ulikuwa unahesabu maiti. Tulipoisikia hesabu ile, siku nyingi baadaye, wengi wetu tulirudi kwa mawazo pale barabarani na kujiuliza tulikuwa tumebakiza nini.

Hapo wachache tulianza kusoma. Tunakiri hatukuwa na ujuzi wowote, ila tulikuwa na mwalimu wa fizikia katika kwaya na vijana wenye simu. Tuliyoyakuta yalitushangaza, kwa sababu yalikuwa yaleyale mahali pote.

Denmark, tarehe 30 Juni 2000, katika tamasha la nje la Roskilde, vijana tisa walikufa mbele ya jukwaa, usiku, kwenye matope, huku muziki ukiendelea kwa kuwa aliye jukwaani hakuweza kujua kinachotokea chini yake. Baada ya hapo waandaaji waligawa eneo la mbele kwa vizuizi ili umati mmoja mkubwa usiweze kumlemea aliye mbele. Ujerumani, tarehe 24 Julai 2010, mji wa Duisburg, kwenye tamasha lililoitwa Love Parade, watu walipitishwa kwenye handaki kufika njia ya kupanda uwanjani, na njia hiyohiyo ilikuwa ya kuingia na ya kutoka. Walikufa 21. Kesi iliendeshwa kwa miaka, ikafungwa mwaka 2020 bila mtu kuhukumiwa. Kampala, usiku wa kuamkia mwaka 2023, kwenye jengo la Freedom City, watu walitoka kutazama fataki saa sita usiku wakabanana kwenye njia nyembamba. Walikufa wasiopungua tisa, watoto wakiwamo. Kinshasa, Uwanja wa Mashahidi, tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11 walikufa kwenye onyesho la Fally Ipupa. Na katika uwanja huohuo, tarehe 27 Julai 2024, walikufa tena watu, wasiopungua saba. Mara hii mwimbaji alikuwa Mike Kalambay, na nyimbo zilikuwa za injili.

Soma tena mifano hiyo miwili ya Kinshasa. Uwanja ni ule ule. Mmoja wa dunia, mmoja wa Bwana. Ukuta haukuuliza ni wimbo gani.

Jambo la pili tulilojifunza ni namna watu wanavyokufa. Magazeti huandika kwamba watu "walikanyagana", nasi husoma neno hilo tukaona watu wakorofi, wakikimbia, wakipita juu ya wenzao. Mara nyingi si hivyo. Wengi hufa wakiwa wamesimama. Kifua kinabanwa mbele na nyuma mpaka hakiwezi kupanuka kuvuta hewa. Watu wanne katika mita moja ya mraba bado wanaweza kugeuka. Wakifika sita au saba, mtu hana tena mamlaka juu ya miguu yake. Umati unakwenda kama maji ndani ya ndoo inayobebwa, na wimbi linaloanzia nyuma kwa kusogea kidogo tu linafika mbele likiwa na nguvu ya kupinda chuma. Aliye nyuma hajui. Hamchukii aliye mbele. Anataka tu kusogea hatua moja, kama sisi tulivyoona mwaka 1997 kutoka jukwaani.

Mwalimu wetu alichora mraba wa mita moja kwa chaki kwenye sakafu ya kanisa, baada ya mazoezi, akaita waimbaji wa sauti ya pili waingie mmoja mmoja. Wanne walicheka. Watano waliacha kucheka. Wa sita alipoingia, mmoja alisema hawezi kuinua mkono kujikuna pua. Wa saba hatukumruhusu. Kisha mwalimu akauliza: siku ya tamasha la Pasaka, mbele ya jukwaa letu, katika kila mraba kama huu mnadhani huwa wapo wangapi? Tulitazamana.

Ndipo tukarudi kwenye Biblia, na tukakuta mambo ambayo tulikuwa tumeyapita mara nyingi bila kuyaona.

Katika Marko sura ya tatu, Yesu anawaambia wanafunzi wamtayarishie mashua ndogo ikae karibu, kwa sababu ya wingi wa watu, wasije wakamsonga. Mstari wa tisa. Tumeuhubiri mlango huo miaka yote kwa habari ya uponyaji, na ile mashua hakuna aliyeigusa. Yeye aliyeweza kutuliza bahari aliweka mashua tayari kwa ajili ya umati. Katika Marko sita, kabla ya kuwalisha elfu tano, anawaketisha kwenye majani mabichi, safu safu, mia kwa mia na hamsini kwa hamsini. Sisi tulikuwa tunasoma pale juu ya mikate. Mtu yeyote aliyewahi kugawa pilau ya harusi kwa watu wengi, wenye njaa, anajua kilichokuwa kinazuiliwa kwa kuwaketisha.

Na Luka anaanza sura ya kumi na mbili akisema maelfu walikuwa wamekusanyika hata wakawa wanakanyagana. Ni umati huohuo anaendelea kusema nao, na ndani ya mazungumzo hayo, mwanzo wa sura ya kumi na tatu, watu wanamletea habari. Wagalilaya fulani wameuawa na Pilato wakiwa katika kutoa dhabihu zao. Hawa walikufa ibadani. Yesu mwenyewe akaongeza wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Hawa hatuambiwi walikuwa wakifanya nini. Pengine walikuwa wamesimama tu. Akayaweka makundi yote mawili pamoja, na kwa yote mawili akakataa hesabu ile tuliyoipenda, kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko waliobaki. Akageuza swali likawa la waliobaki: watubu.

Toba hiyo tuliifahamu siku zote kuwa ni kulia. Lakini Luka anaunganisha mara moja na mfano wa mtini usiozaa, na mtunza shamba anayeomba mwaka mmoja zaidi ili apalilie na kutia mbolea. Toba ile ina jembe ndani yake. Mtini ule ungeliliwa mwaka mzima bila jembe, ungekatwa.

Hatusemi kwamba tumekuwa wataalamu. Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya, na si mengi. Kwanza tulimwendea yule mama wa Tabora. Alikuwa amekwisha kurudi kanisani miaka mingi, kimya kimya, bila mtu kumwuliza. Wawili wetu tulikwenda na kumwambia tulichokisema mwaka 2008 na kwamba tuliitikia amina. Alitusikiliza. Akasema anakumbuka nani alikuwa zamu siku ile, na nani aliitikia kwa sauti kubwa zaidi, akawataja, mmoja wetu akiwa wa pili katika orodha. Kisha akasema tukae, chai iko tayari. Hatujui kama huo ulikuwa msamaha. Tulikunywa.

Pili, lile tamasha la kwaya. Sasa uzio una nafasi nne, kila upande mmoja, pana za kupita mkokoteni, na meza ya kiingilio inakaa pembeni, si katikati. Mbele ya jukwaa kuna kamba inayotenganisha watoto na watu wazima, na watoto wana njia yao ya kutokea. Kila nafasi ina wahudumu wawili ambao kazi yao, wameambiwa waziwazi, ni kufungua, si kuzuia. Mwongozaji jukwaani ana agizo moja juu ya yote: akiona vichwa vimebanana, wimbo usimame, hata kama ni wimbo wa askofu. Na kamba za uzio zimefungwa kwa fundo la kuvuta, ambalo mtoto anaweza kulifungua. Fundo hilo tulifundishwa na mjukuu wa yule mzee mwenye panga. Mzee mwenyewe alifariki zamani, na ni aibu yetu kwamba hatukuwahi kumwalika ndani kukaa kwenye kiti.

Gharama ipo. Kwenye kikao cha tathmini mtunza hazina alisoma hesabu yake, akaonyesha kwamba milango ikiwa minne, wanaoingia bila kulipa ni wengi mno, na tamasha la mwisho halikufikisha hata fedha za jenereta. Alisema hivyo kwa heshima, na hakudanganya. Mzee mmoja wa kanisa akapendekeza turudi kwenye milango miwili. Mwingine akasema tuondoe uzio wote, tupitishe kapu la sadaka katikati ya nyimbo, kama zamani chini ya mti, na anayetaka kusikiliza bure asikilize. Mwalimu wa fizikia alikuwa na chaki mfukoni, tuliiona, lakini hakuitoa. Kikao kiliahirishwa mpaka Jumapili ya pili ya mwezi ujao.